Tabasamu la Bi Mwanatumu

Hutaamini, lakini maiti ya Bi Mwanatumu ilitabasamu. Na haya si maneno ya kuokota barazani. Wanawake tisa waliiona kwa macho yao, mchana kweupe, saa sita kasorobo, chumbani kwake mwenyewe pale Msambweni. Mmoja wao alishtuka akaangusha chetezo cha udi, mkeka ukaungua tundu ambalo mpaka leo lipo, nenda kalitazame. Na ungelimjua Bi Mwanatumu alipokuwa hai, ungejua ajabu yenyewe haikuwa maiti kutabasamu. Ajabu ilikuwa Bi Mwanatumu kutabasamu.

Mwanamke yule hakuwa na meno ya kugawa. Kwenye picha ya kitambulisho amekunja uso kana kwamba mpiga picha amemkanyaga kidole. Kwenye picha za harusi ya mwanawe Swabir watu wote wanacheka, yeye anatazama pembeni kama anayesubiri waondoke apate kufagia. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike. Miaka thelathini na mitatu. Akifa mwanamke Msambweni, au huko ndani vijijini, au hata Funzi ambako ilibidi avushwe maji, jina la kwanza kutajwa baada ya innalillahi lilikuwa lake. Alifanya kwa ajili ya thawabu, na hakuna aliyemfikia kwa usafi wa kazi. Hilo hata wasiompenda walikubali, nao hawakuwa wachache.

Maana ulimi, jamani. Anakukuta njiani unatafuna hindi la kuchoma, anakupima kwa macho toka utosini mpaka kwenye kandambili, kisha anakwambia kwa upole kabisa, "Punguza mwili, mwanangu. Mgongo wangu hauwezi tena kugeuza watu kama wewe." Anakwenda zake. Wewe unabaki umeshika hindi, njaa imekwisha.

Wasichana waliotaka kujifunza kazi ile kwake walikuja wengi na wakakimbia wote. Mmoja aliambiwa anaosha maiti kama anayefua soksi. Mwingine alipigwa vidole kwa kata ya maji kwa sababu alianza upande wa kushoto, akalia, akaambiwa machozi yake yanachafua maji. Akabaki mmoja tu, kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia: bintiye wa kumzaa, Hafsa.

Hafsa alianza ana miaka kumi na sita. Kwa miaka mitano alimfuata mamake nyumba hadi nyumba amebeba mfuko wa kafuri na majani ya mkunazi, na vidole vyake vilipigwa kuliko vya wote. Lakini alijua. Alijua kumgeuza mtu mzito bila kumvuta, na kuosha chini ya shuka bila mtu kuona kitu. Mikono yake ilikuwa na nguvu na ilikuwa laini, na mamake hakuwahi kumsifu hata siku moja, ila siku moja aliacha kumpiga. Kwa Bi Mwanatumu hicho kilikuwa cheti.

Kisha Hafsa akapata kazi Diani. Hoteli moja ya ufukweni ilikuwa ikitafuta wasichana wa kukanda wageni, akaenda kujaribiwa, akamkanda msimamizi mabega kwa dakika kumi, msimamizi akalala usingizi palepale kwenye kiti. Jumatatu akaanza. Aliporudi nyumbani kuleta habari njema, mamake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ni kweli mikono aliyoifunza yeye kwa ajili ya watu wanaokwenda kwa Mola wao sasa itapaka mafuta watalii waliolala nusu uchi.

Hafsa akamjibu, "Mama, na wao wana migongo."

Lilikuwa jibu zuri, wallahi, lakini halikumsaidia. Tangu siku ile, miaka saba, Bi Mwanatumu hakupokea kitu kutoka mkononi mwa binti yake. Kila Idi Hafsa alikuja. Alitoa shikamoo, na marahaba ikaelekezwa mlangoni, kama vile mlango ndio ulioamkia. Akimpa mamake kikombe cha chai, mamake alikiacha kining'inie hewani mpaka Hafsa achoke akiweke chini, ndipo akakiokota. Miaka saba ya kuweka vikombe chini. Mara tatu Hafsa alipiga magoti akamwomba radhi, na mara zote tatu mamake alimwambia ainuke, anamzibia upepo.

Na hapa kwetu unajua lilivyo jambo hilo. Unaweza kukosa gari, nyumba, hata mume, watu wakakuonea huruma. Ukikosa radhi ya mama, ukijikwaa tu barabarani watu wanatazamana. Hafsa hakuwa mtu wa kuogopa macho ya watu, alikuwa akitembea kifua mbele mjini Ukunda na sare yake ya kazi, lakini radhi ile aliitaka. Aliitaka kama mtu anavyotaka maji.

Badala yake alipata sauti. Miaka miwili iliyopita Bi Mwanatumu alilazwa kwa presha, na aliporudi nyumbani alimwamuru Swabir ashike simu amrekodi, kisha aitume kwenye kundi la familia. Sauti yenyewe ilikuwa ya sekunde arobaini, na hakuna ndugu asiyeikariri: "Assalaam alaikum. Ni mimi Mwanatumu, na akili zangu timamu. Siku nikifa, mikono ya Hafsa isiniguse. Sikusema asije. Aje, akae, ale pilau na wenzake. Lakini asinioshe. Wewe, mfukuze huyo kuku ndani. Nimemaliza."

Hafsa aliisikiliza mara moja akiwa kazini, akaandika chini yake, "Nimesikia, mama," akaendelea na kazi.

Basi ikawa Jumanne. Saa moja asubuhi Hafsa alikuwa anapasha moto mafuta ya nazi, simu ikalia. Swabir, kakake mkubwa, yule mwenye duka la misumari na saruji, si mtu wa maneno mengi, na siku ile yalikuwa machache zaidi. Alisema mama ameondoka alfajiri, katikati ya kuswali, na kwamba Hafsa aje. Hakusema aje kufanya nini. Mwenzake wa kazini, Judy, msichana wa Taru, alimvua aproni kama anavyovuliwa mtoto, akamwambia aende, yule mteja wa saa mbili atamkanda yeye na wala hatajua tofauti. Hafsa akacheka. Njia nzima mpaka Msambweni alikuwa akijiuliza mtu mwenye akili anachekaje dakika mbili baada ya kufiwa.

Alipofika, uani wanaume walikuwa wamekwisha kufunga turubai, makaburini wachimbaji wameanza, na Mwalimu Abubakar, mwalimu wa madrasa anayeswalisha pale mtaani, ametangaza maziko baada ya adhuhuri. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kimoja. Hapakuwa na wa kuosha.

Na hili Bi Mwanatumu alijitakia. Nasema bila kumsengenya, Mungu amrehemu. Mtu umefukuza wanafunzi wote kwa ulimi, sasa umelala, nani akuoshe? Kulikuwa na Bi Maimuna, msaidizi wake wa tangu zamani, lakini kiharusi kilimlaza mkono mmoja mwaka juzi, alikuwa anaweza kumimina maji tu. Kulikuwa na mama mwingine anayeijua kazi, naye alikuwa Jego kwenye harusi ya mjukuu na simu yake haipatikani. Wanawake wengine wote mle ndani walijua kupika pilau la watu mia na kulia kwa zamu. Kila mmoja alikuwa tayari kusaidia. Hakuna aliyekuwa tayari kuongoza, kwa sababu, na hili walinong'ona, walikuwa bado wanamwogopa.

Hafsa aliingia, akatoa salamu, akamfunua mamake uso, akamtazama, akamfunika. Kisha akakunja mikono ya buibui. Akauliza maji yako wapi.

Ndipo Swabir, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatoa simu. Alibonyeza tu, na mle chumbani, mbele ya maiti aliyefunikwa, sauti ya maiti yule yule ikasema assalaam alaikum. Wanawake wawili waliitikia kabla hawajajua wanamwitikia nani. Mmoja akatoka nje mbio. Sauti ikaenda mpaka mwisho, mpaka kwenye kuku, mpaka nimemaliza.

"Si mimi, dada," Swabir akasema. "Ni yeye."

"Naijua sauti ya mama," Hafsa akamjibu. "Haya, mtaje wa kumwosha. Mtaje, mimi nikakae nile pilau."

Swabir akatazama chumba kizima. Wanawake wakatazama mkeka.

Jambo likapelekwa kwa Mwalimu Abubakar pale uani. Mwalimu alisema haki ya kwanza ya maiti ni kuoshwa vizuri na kuzikwa mapema, na kama anayejua ni mmoja, basi ni huyo. Swabir alisema amesikia, lakini yeye ndiye aliyeshika simu siku ile, na mama alimtazama machoni akisema. Mwalimu akasema amesikia pia. Wakaanza kusikiana hivyo huku jua linapanda, mpaka Bi Maimuna, mwenye mkono mmoja na akili mbili, akapasua njia. Alisema kilichokatazwa ni mikono. Basi Hafsa avae glavu, mikono yake isimguse mama, maiti aoshwe, wasia usivunjwe, na watu wawahi adhuhuri. Mwalimu hakusema ndiyo wala la. Alitazama saa. Swabir akakubali, na yeye mwenyewe akaenda duka la dawa.

Akaleta glavu za mwanamume mnene. Ndizo zilizokuwapo. Hafsa alizivaa zikamning'inia vidoleni kama masikio ya mbwa, akafunga vifundo vya mikono kwa uzi, akasema bismillahi.

Na akaosha. Jamani, aliosha. Wanawake waliokuwamo bado wanaihadithia. Aliwapanga kama askari, wewe hapa, wewe shika shuka hapa, Bi Maimuna kichwani na kata. Alianza kulia, akaja kushoto, maji ya mkunazi kwanza, ya kafuri mwisho, chini ya shuka wakati wote, na hakuna aliyeona kisichofaa kuonwa. Msichana mmoja alimimina kwa haraka, Hafsa akamwambia bila kuinua kichwa, "Taratibu, huoshi gari." Bi Maimuna akamtazama, na Hafsa naye akajisikia. Ilikuwa sauti ya mamake, nzima, imetokea kinywani mwake. Alingoja ajichukie. Hakujichukia. Msichana alikuwa anamimina vizuri sasa.

Kitu kimoja tu kilimtonesha. Miaka saba hakuwa amemgusa mamake, na sasa anamgusa na kati yao kuna mpira, kama kumpigia mtu simu mtandao ukiwa mbaya: unajua yupo, humsikii. Alipofika mgongoni aliona bega la kulia limepanda juu kuliko la kushoto, vidole viwili hivi. Mtu mwingine asingeona. Hafsa migongo ndiyo kazi yake. Lilikuwa bega la miaka thelathini na mitatu ya kugeuza wanawake wa watu, bega linalouma usiku, linalomfanya mtu aamke na hasira. Angelilegeza kwa wiki tatu. Wiki tatu tu, na mafuta ya nazi. Alipitisha maji juu yake mara tatu kama inavyotakiwa, akaongeza ya nne bila kumwambia mtu.

Wakamkausha. Bi Maimuna, kwa mkono wake mmoja na msaada wa jirani, akasuka nywele misuko mitatu. Kitambaa cha kufungia taya, kile alichofungwa alfajiri, kilikuwa kimelowa, kwa hiyo Hafsa alichana kipande kipya cha sanda, akakipitisha chini ya kidevu, akakifunga. Glavu zilikuwa zimejaa maji na zinateleza. Alifunga haraka, nje Mwalimu alikuwa anakohoa kikohozi cha kukumbusha wakati. Wakamvisha ushungi, wakamkunja kwenye sanda, wakaacha uso wazi kwa ajili ya watu wa kuaga. Hafsa akageuka kumwaga maji ya mwisho.

Akasikia chetezo kinaanguka.

Alipogeuka wanawake wote walikuwa wamesimama. Uso wa Bi Mwanatumu ulikuwa unatabasamu. Si kidogo. Pembe ya mdomo upande wa kulia imepanda, shavu limejaa, hata jicho lile limefanya mkunjo pembeni, kama mtu aliyeambiwa jambo zuri sikioni na anajizuia asicheke mbele za watu. Alikuwa mzuri. Hakuna mle ndani aliyewahi kujua kwamba Bi Mwanatumu alikuwa mwanamke mzuri.

"Subhanallah," Bi Maimuna akasema, na machozi yakamtoka. "Ameridhika. Hafsa, mwanangu, mamako amekuridhia."

Basi hapo chumba kikafunguka. Wanawake wakamkumbatia Hafsa na maji yake na glavu zake. Mmoja alimwambia anajua, siku zote alijua mama hawezi kufa na kinyongo. Mwingine alikuwa keshatoa simu apige picha, Hafsa akamwambia airudishe mkobani, akairudisha, lakini kuandika nani amzuie? Habari ilifika uani kabla ya mtu kutoka chumbani. Ilifika Ukunda. Inasemekana Judy aliipata akiwa katikati ya mgongo wa mteja.

Swabir aliingia kumuaga mamake. Alisimama miguuni pa kitanda, akatazama, na lile jibaba lenye kubeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo likashika nguzo ya kitanda. Akatoa simu. Akaitafuta ile sauti, akaishika kwa kidole mpaka likatokea swali la kufuta.

"Nilikukosea kuileta hapa," akasema. "Mama mwenyewe ameifuta. Niseme bismillahi niifute, dada? Mbele ya hawa wote, iwe imekwisha."

Hafsa alikuwa ameshasogea kichwani, kwa mazoea tu, kumweka ushungi sawa, na kidole chake kilikuwa kimeligusa fundo.

Fundo lilikuwa chini ya sikio la kulia. Halikuwa utosini linapotakiwa kukaa. Alilifunga yeye, kwa glavu za mtu mwingine, likateleza upande, na kitambaa kikavuta ngozi ya shavu kikaipandisha pamoja na mdomo. Ndiyo hiyo radhi. Upana wa vidole vinne wa nguo nyeupe.

Hakuna mwingine aliyejua. Bi Maimuna angejua zamani, lakini Bi Maimuna alikuwa analia. Hafsa alilishika lile fundo chini ya ushungi, na haya ndiyo yaliyompitia, alikuja kuyasimulia mwenyewe baadaye. Kwamba akinyamaza, amepata kila kitu. Sauti inafutwa. Kakake anarudi kuwa kakake. Akipita sokoni watu watasema yule ndiye aliyechekewa na mamake baada ya kufa. Na mwosha maiti ana ruhusa ya kunyamaza, tena ameusiwa kunyamaza, aliyoyaona aibu ayafiche. Angekuwa hata hajasema uongo. Angekuwa amesimama tu.

Akautazama tena uso ule mzuri. Akajaribu kuufikiria ukimwambia jambo, lolote, ukimpiga vidole, ukikataa kikombe. Haukuweza. Uso ule haukumjua Hafsa. Mwanamke yule mwenye tabasamu hakuwahi kumwamsha alfajiri kwenda kumwosha bibi wa watu katika mvua, hakuwahi kumwonyesha kwa hasira, mara ishirini, namna ya kushika kichwa cha maiti kama yai. Kama huyu ndiye wanayemzika, basi yule mwingine, yule wake, amekwenda wapi? Na nani atamlilia?

"Usiifute," akamwambia Swabir.

Kisha akavua glavu. Moja, ya pili, akaziweka kwenye ndoo. Wanawake wakaona mikono mitupu, wakaanza kunong'ona. Hafsa akasema kwamba kitambaa cha taya kimekaa vibaya, ni kosa lake, anakirekebisha. Alilisema hilo wazi, kama fundi anayesema msumari umepinda.

Bi Maimuna alielewa upesi kuliko wote. Alimshika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mmoja, na ulikuwa na nguvu.

"Mwache," akamwambia chinichini. "Mwache mamako acheke, japo mara moja. Kinakudhuru nini?"

"Hakuwa akicheka, bibi."

"Najua hakuwa akicheka. Nimekaa naye miaka thelathini, utaniambia wewe? Ndiyo maana nakwambia mwache."

"Angeniona nimefunga hivi angenipiga vidole," Hafsa akasema. "Nawe pia angekupiga, kwa kuniachia."

Mkono wa Bi Maimuna ukalegea.

Hafsa akaingiza vidole chini ya ushungi, vidole vyake mwenyewe, akagusa shavu la mamake lililokuwa baridi na laini ajabu, akafungua fundo. Shavu likashuka. Mdomo ukanyooka polepole kama mtu anayekumbuka alichokuwa amekasirikia. Akakipandisha kitambaa utosini, akakifunga pale panapotakiwa, fundo dogo, bapa, lisiloonekana. Alipoondoa mikono, Bi Mwanatumu alikuwa amerudi. Midomo imebanwa, uso umekaza, anaonekana hajapendezwa na namna shughuli inavyoendeshwa.

Hapo ndipo Hafsa alipolia. Alilia kwa sauti, bila aibu, kwa mara ya kwanza tangu simu ya asubuhi, na mkono wake ulikuwa bado umelala juu ya paji la uso la mamake. Hapakuwa na dalili yoyote kwamba amesamehewa. Alimlilia hivyo hivyo.

Waliokuwamo walitoka wakiwa makundi mawili, na mpaka leo ni makundi mawili. Wako wanaoapa kwamba mama alitoa radhi na binti akaifuta kwa mkono wake, na kwamba kitambaa ni kisingizio, maana tangu lini kitambaa kikamkunja mtu jicho? Wako wanaosema hiyo ndiyo kazi, na mwosha huoshwa, na siku yao ikifika wangependa kufungwa na mtu kama yule. Maziko yalikwenda, adhuhuri ikawahiwa, pilau likaliwa. Bi Maimuna alikaa matanga siku zote tatu bila kumsemesha Hafsa, akamkatia nyama nzuri kila mlo.

Siku ya tatu Swabir alikuja akakaa kando yake kwenye ngazi za nyuma. Kisha akamwambia kwamba alipomwona mama mara ya pili, baada ya kitambaa, ndipo alipoamini kwamba amekufa. Ile ya kwanza alikuwa anaaga mtu asiyemjua vizuri, akaona haya kuuliza ni nani. Hafsa akamwambia naye vilevile. Wakamsema mama kidogo pale, mabaya yake, kwa mapenzi, mpaka wakaitwa kwenye dua.

Jumatatu Hafsa alikuwa Diani kazini, mikono imetulia. Radhi hakuipata, na akiulizwa anasema hivyo hivyo, hakuipata, kama mtu anavyokutajia kabila lake.

Sasa niambie wewe. Mama aliyekunyima neno moja miaka saba amelala mbele yako anatabasamu, na watu tisa wako tayari kuapa ni kwa ajili yako. Kakako ameweka kidole juu ya kufuta. Fundo unalijua wewe peke yako, na ukinyamaza hakuna atakayelijua mpaka siku ya kiyama. Ungelifungua?